Nguo ya Juu ya Turubai: Mitandao ya Kijamii, Mpasuko wa Kisiasa na Uhuru wa Kusema

Bunge la bajeti linapokaa Dodoma, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, vipande vya video huzaliwa kila siku. Mbunge amechangia dakika kumi kuhusu ruzuku ya mbolea. Kinachofika kwenye simu ni sekunde ishirini alizopandisha sauti. Jioni kipande hicho kimeshatoka Area C hadi Nkuhungu, kijiwe cha bodaboda kimegawanyika, na kwenye grupu la ukoo mjomba amejitoa. Hapo ndipo husikika kauli mbili ambazo kila mmoja wetu anazijua. Ya kwanza: "Hii mitandao ifungwe tu, inatuharibia amani." Ya pili: "Mwacheni kila mtu aseme anachotaka, huo ndio uhuru."

Kauli zote mbili zinachanganya mambo matatu yasiyofanana, na bila kuyatenganisha ubishi huu hauishi.

La kwanza ni kutofautiana. Wewe unataka fedha za serikali ziende kwenye visima vya Bahi, mwenzako anataka barabara za Ipagala ziwekwe lami. Mnabishana, mnapiga kura, mnaendelea kununuliana chai. Hiyo ni siasa ya kawaida na haina ubaya wowote.

La pili ni kupasuka. Hapa visima na lami vimeshasahaulika. Umeanza kuamini kwamba mwenye fulana ya rangi ile ni mtu mbaya kwa asili yake, haifai kununua dukani kwake wala kuozesha nyumbani kwao. Watafiti wa siasa hupima mambo haya mawili mbali mbali, kwa sababu watu wanaweza kutofautiana kidogo sana kimsimamo huku wakichukiana sana. Mpasuko unaotisha ni huu wa hisia.

La tatu ni kusambazwa, yaani umbali ambao chombo kinaifikisha sauti yako. Kusema ni haki ya mtu. Kufikishwa kwa watu milioni moja ndani ya saa mbili ni kazi ya mashine ya kampuni fulani, na mashine hiyo ina vigezo vyake. Magomvi mengi kuhusu "uhuru mtandaoni" hutokana na kuichukulia hii ya tatu kana kwamba ndiyo haki yenyewe.

Sasa tuiangalie mashine. Nenda soko la Sabasaba hapa Dodoma asubuhi umtazame muuza mitumba akifungua belo. Hatandazi nguo kwa jinsi zilivyopangwa ndani. Juu ya turubai anaweka kitakachomsimamisha mpita njia: jaketi jekundu, gauni linalong'aa. Shati la kawaida lenye kitambaa kizuri cha kudumu linabaki chini, na usipoinama kupekua hutaliona. Sasa mfikirie muuzaji huyohuyo akiwa anakumbuka kila mteja, kila nguo uliyoishika na sekunde ulizosimama mbele yake, na kila unapopita analipanga turubai upya kwa ajili yako peke yako. Hiyo ndiyo algoridhimu: maelekezo yanayoamua ukifungua simu uone nini kwanza. Haijui ukweli wala uongo. Inahesabu tu ulisimama wapi, ulilaiki nini, uliandika komenti wapi na ulimtumia nani.

Uzito wa kila hesabu huwekwa na watu, na hapo ndipo mambo huharibika bila mtu yeyote kukusudia. Facebook ilianza kuwa na ukurasa wa habari unaopangwa na mashine mwaka 2006, kitufe cha laiki kikaja 2009, na vile vinyago vya kupenda, kucheka, kushangaa, kusikitika na kukasirika vikaja 2016. Kuanzia 2017 kinyago kimoja kilihesabiwa sawa na laiki tano, kikiwemo cha hasira. Kwa hiyo posti iliyowakasirisha watu mia moja ilipewa nguvu kama posti iliyolaikiwa na watu mia tano. Wataalamu wa kampuni yenyewe walikuja kugundua kwamba posti zinazovuta hasira ndizo zilizokuwa na uwezekano mkubwa wa kubeba uongo na lugha chafu. Uzito wa kinyago cha hasira ulipunguzwa hatua kwa hatua, na mwaka 2020 ukawekwa sifuri. Hakuna aliyekaa ofisini akasema "tusambaze chuki". Kuna mtu aliandika namba tano.

Binadamu nao wana sehemu yao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulipima jumbe za Twitter kuhusu mambo ya siasa yenye ubishi, ukaona kwamba kila neno moja la hisia na maadili linaloongezwa kwenye ujumbe, maneno ya aina ya "aibu" au "uovu", liliongeza usambaaji wake kwa takribani asilimia 20. Mwaka uliofuata watafiti wa chuo cha MIT walichambua habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za kweli zilichukua muda mara sita zaidi ya za uongo kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti za roboti kwenye hesabu, tofauti ilibaki. Waliokuwa wakisambaza ni watu.

Wanaotafuta kiki wamelielewa somo hili hata bila kusoma utafiti wowote. Ndiyo maana mtu mpole anayeeleza bajeti kwa takwimu anapata watazamaji arobaini, na anayemwita mwenzake chawa au msaliti anapata elfu arobaini.

Lakini maelezo mengi ya algoridhimu yanayosimuliwa hapa kwetu yanakosea jambo moja kubwa. Ubishi wetu mwingi wa siasa haufanyiki mahali penye algoridhimu. Unafanyika kwenye magrupu ya WhatsApp, na kule ujumbe hufika kwa mpangilio wa muda, umefungwa kwa usimbaji kiasi kwamba hata kampuni haiwezi kuusoma. Hakuna mashine ya kupanga turubai. Wapangaji ni sisi.

Fanya hesabu kidogo. Mtu mmoja anarekodi sauti ya dakika mbili inayodai jambo zito, anaituma kwenye magrupu matano yenye watu mia mbili kila moja. Hao ni watu elfu moja. Chukua kwamba kati ya kila mia ni mmoja tu anayeisambaza, naye anaipeleka kwenye magrupu matano ya ukubwa uleule. Watu kumi mara magrupu matano mara mia mbili: elfu kumi. Ndani ya mizunguko miwili, na wengi wao hawajamaliza hata chai ya asubuhi. Kwa sababu hiyo WhatsApp iliweka breki. Mwanzoni mwa 2019 ilizuia ujumbe kusambazwa kwa zaidi ya magrupu au watu watano kwa mara moja, duniani kote. Aprili 2020 ikaongeza kwamba ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi, ule wenye alama ya mishale miwili, unakwenda sehemu moja tu kwa mara. Kampuni ilisema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70.

Breki hiyo ina tundu. Ukinakili maandishi na kuyabandika upya, ama ukaipakua video kisha ukaituma kama yako, mishale inapotea na ujumbe unakuwa "mpya". Kwa hiyo ukiona mishale miwili jua umepita kwa wengi, ila usipoiona usidhani ujumbe ni msafi.

Kuna kitu kingine chenye nguvu kuliko mishale: uso wa mtumaji. Habari ya mtu usiyemjua kwenye Facebook unaweza kuitilia shaka bila kumkosea mtu. Kwenye grupu la ukoo, habari imekuja na jina la shangazi. Kuikanusha mbele ya watu ni kumvunjia heshima, basi wanaojua ni uongo wananyamaza, na ukimya wao unasomeka kama kukubali. Adabu yetu, ambayo ni kitu kizuri, inageuka kuwa njia laini ya uvumi. Dawa yake iko ndani ya adabu hiyohiyo. Mfuate pembeni, usimjibu kwenye grupu: "Shikamoo shangazi. Ile barua uliyotutumia asubuhi nimeiangalia, naona si ya kweli, kuna sehemu haziendani. Nakutumia hapa tangazo lenyewe, ukiona inafaa uliweke kwenye grupu." Atakayesahihisha ni yeye, kwa heshima yake, na wale wote waliomwamini mara ya kwanza watamwamini na ya pili.

Tuitazame barua yenyewe kwa karibu. Chukua barua ya aina inayozunguka sana: ina nembo ya taifa juu, mhuri wa duara chini, na inasema wafanyabiashara wadogo wa soko fulani watahamishwa Jumatatu. Anza na kumbukumbu namba. Barua ya ofisi ya umma huwa na "Kumb. Na." yenye herufi na mikwaju; za kughushi mara nyingi hazina kabisa, au zina ya ofisi tofauti na iliyotajwa kwenye kichwa. Nenda kwenye tarehe: je, Jumatatu inayotajwa ni kweli Jumatatu kwenye kalenda? Kisha kuza picha uangalie mistari. Kama aya moja ina herufi nzito kuliko nyingine au mstari umepinda pale penye jina la soko, kuna mtu amechukua barua ya zamani akabandika maneno. Cheo cha anayetia saini kilingane na ofisi. Mtendaji wa kata hatoi agizo la nchi nzima. Mwisho tafuta tangazo hilo kwenye tovuti au kurasa rasmi za ofisi husika. Jambo kubwa kiasi hicho haliwezi kuwa limejulikana kwa barua moja ya WhatsApp pekee.

Kwa video, tazama namba za magari. Nyingi za kwetu huwa na T, tarakimu tatu na herufi tatu. Nyingi za "vurugu za leo Dodoma" ukizisimamisha utakuta namba za nchi nyingine au mvua ya masika wakati sisi tuko kwenye vumbi la Agosti. Na kwa kipande cha Bunge njia ni rahisi kuliko zote: Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, zile zinazoitwa Hansard, zinaandika maneno yote ya kikao na zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta tarehe, tafuta jina, soma sentensi iliyotangulia na iliyofuata zile sekunde ishirini.

Hapo nimefika kwenye dhana zinazorudiwa sana bila kuchunguzwa.

Inasemwa kwamba kabla ya simu janja tulikuwa tukipendana. Januari 2001 watu waliuawa Zanzibar katika vurugu za kisiasa, na Facebook ilikuwa haijazaliwa. Mwaka 1994 Rwanda, redio ya RTLM iliwaita binadamu mende, na watu wakaua majirani zao. Marekani kwenyewe, uchambuzi uliotolewa 2017 ulionyesha kwamba mpasuko ulikua zaidi kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, kundi linalotumia intaneti kidogo kuliko yote. Mitandao huongeza kasi na kubadilisha nani anasikika. Chuki ina vyanzo vingine pia, na anayeitupia simu lawama zote anawasamehe wanasiasa mapema mno.

Neno "mende" lina somo jingine. Mashine ya kuchuja matusi ikikutana na mende inaona mdudu. Ikikutana na kunguni, panya au magugu inaona shamba na nyumba. Lugha yetu imejaa mafumbo, na tishio zito kuliko yote linaweza kusemwa bila tusi hata moja. Mwaka 2018 Facebook ilikiri kwamba haikufanya ya kutosha kuzuia jukwaa lake kutumika kuchochea vurugu Myanmar. Sehemu ya tatizo ilikuwa uchache wa watu wanaoijua lugha ya pale. Nchi zinazozungumza Kiswahili zina kila sababu ya kudai wakaguzi wanaotofautisha methali na mwito wa kuua.

Dhana nyingine: eti tunachukiana kwa sababu kila mtu amejifungia na wa kwao, hatukutani na mawazo tofauti. Jaribio la mwaka 2018 lilijaribu kuwatibu Wamarekani kwa njia hiyo. Wafuasi wa vyama viwili walilipwa wafuate kwa mwezi mmoja akaunti iliyokuwa ikisambaza jumbe za viongozi na wachambuzi wa upande wa pili. Wafuasi wa Republican walitoka wakiwa wameshikilia msimamo wao zaidi. Mtandaoni tunakutana na wapinzani kila siku, ila tunayekutana naye ni yule mkali kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyewekwa juu ya turubai. Tunaanza kuamini kwamba wote wako hivyo.

Na hawako hivyo. Uchunguzi wa taasisi ya Pew mwaka 2019 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya watumiaji wa Twitter Marekani walikuwa wakiandika asilimia 80 ya jumbe zote. Mkoa wa Dodoma una watu zaidi ya milioni tatu kwa sensa ya 2022. Komenti mia tano za watu haohao sitini si maoni ya Wanadodoma. Hata takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, za watumiaji wa intaneti zisomwe kwa uangalifu: zinahesabu laini, na wapo wengi wanaotembea na laini tatu.

Je, kujitoa kabisa kunasaidia? Jibu ni gumu kuliko wengi wanavyopenda. Wamarekani waliolipwa wafunge Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa 2018 walipungua makali ya msimamo wa kisiasa, lakini pia walijua habari chache zaidi. Jaribio kama hilo Bosnia lilitoa jibu la kinyume: waliojitoa waliwaona watu wa makabila mengine vibaya zaidi, hasa wale ambao mtaani kwao waliishi na watu wa kundi lao tu. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kisasa mwenye majirani kutoka Kagera, Mtwara na Pemba anaweza kuzima simu bila hasara kubwa. Kwa anayeishi mahali pa watu wa aina moja, mtandao unaweza kuwa dirisha lake pekee.

Sasa sheria. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, pamoja na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara ya 30 inaweka mpaka: haki hizo zisitumike kuvunja haki za wengine au maslahi ya umma. Chini yake kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kifungu hicho kinataka mtu awe anajua taarifa ni ya uongo, na awe na nia mbaya, kama ya kukashifu, kutisha au kudanganya. Maneno "kujua" na "nia" ndiyo yanayomtenganisha shangazi aliyedanganywa na aliyeighushi barua. Yakipuuzwa, sheria inageuka fimbo ya kumchapa yeyote aliyekosoa kwa hasira, na mimi naona hatari hiyo ni kubwa sawasawa na hatari ya uongo wenyewe.

Kipimo bora kinachojulikana cha kutenganisha ukosoaji na uchochezi kilikubaliwa kwenye mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa mwaka 2012. Unauliza hali ya nchi ikoje wakati huo, msemaji ana ushawishi gani, ana nia gani, amesema nini na kwa namna gani, imesambaa kiasi gani, na uwezekano wa madhara kutokea uko karibu kiasi gani. "Serikali imeshindwa kutuletea maji" ni ukosoaji, hata ukisemwa kwa ukali. "Waziri huyu hana akili" ni utovu wa adabu. "Kesho saa mbili tukutane tukachome maduka ya watu wa kabila lile" ni uchochezi, na ukitoka kwa kiongozi mwenye wafuasi laki tano ni mzito kuliko ukitoka kwa kijana mwenye wafuasi thelathini.

Kampuni kukufutia posti ni suala tofauti. Ibara ya 18 inakulinda hasa dhidi ya dola, na kampuni ina kanuni zake ulizozikubali bila kuzisoma. Lakini uwanja wote wa mazungumzo ukishikwa na kampuni tatu nne za ng'ambo, ni halali kabisa kudai zieleze kwa Kiswahili kwa nini zimefuta hiki na kuacha kile.

Vipi kuhusu kuzima? Mei 2025 mtandao wa X, ule uliokuwa ukiitwa Twitter, ulizuiwa nchini, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa. Uvumi hauhitaji bando. Unapita kwa simu ya kawaida, kwa dereva wa basi, kwa jirani ukutani. Kinachokatika ni kukanusha. Aliyesikia kwamba ndugu yake Mbeya ameumia hawezi kuiona picha, hawezi kulinganisha vyanzo viwili, wala hawezi kujua tangazo lipi ni la kweli. Hofu inajaza nafasi hiyo, na mtandao ukirudi kila kambi tayari ina hadithi yake iliyoiva.

Kwa aliye admini wa grupu, vitendea kazi vipo. Gusa jina la grupu, fungua ruhusa, weka admini pekee waweze kutuma kwa saa chache pale mambo yanapochemka, kisha fungua tena. Ukiacha limefungwa wiki nzima watu wataunda grupu jingine usilolijua. Admini anaweza pia kumfutia kila mtu ujumbe wowote, ila kufuta bila kueleza huonekana kama kuficha. Eleza kwa sentensi moja. Na unaposahihisha, anza na lililo kweli badala ya kurudia uongo: "Soko halihamishwi, tangazo la halmashauri ni hili." Kama uongo ulikuja kwa sauti, sahihisha kwa sauti, fupi kuliko ule, kwa sababu bibi aliyeusikiliza kule Chamwino hatasoma aya nne zako.